PENGO NA KIGINGI: KUCHAGUA KADI YA PICHA KWA KOMPYUTA YA ZAMANI

Hotuba iliyotolewa na mwanachama mmoja katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani, bwalo la shule



Katibu aliponiandikia barua alinitaka nizungumze juu ya "maendeleo ya teknolojia katika utumishi wa umma." Nilimjibu kwamba habari hizo zimekwisha kusemwa na watu wenye vyeo kuliko mimi, na kwamba mimi nina deni katika shule hii ambalo ningependa kulilipa hadharani. Kwa hiyo, kwa idhini yako Ndugu Mwenyekiti, nitazungumza juu ya jambo dogo: namna ya kuchagua kadi ya picha inayopatana na kompyuta ya zamani. Nitaeleza pia jinsi nilivyoichagua vibaya, kwa fedha zenu.

Wazee wetu waliomo humu watakumbuka kwamba mwaka 1974 Serikali yetu ilipiga marufuku uingizaji wa kompyuta nchini. Wengi wenu mlimaliza shule bila kuiona kompyuta hata kwa mbali. Sisi tulioingia Kidato cha Kwanza mwaka 1996 tulibahatika. Mwaka 1999, tulipokuwa Kidato cha Nne, shule ilipata kompyuta yake ya kwanza kwa hisani ya mzazi mmoja. Ilikuwa na prosesa ya Pentium II ya megahezi 350, na iliwekwa katika chumba kidogo nyuma ya maabara ya fizikia, ikafunikwa kwa kitambaa cha kitenge mithili ya bibi harusi. Mwalimu wetu wa fizikia alituingiza kumi kumi, tukiwa tumevua viatu mlangoni. Mimi nilijifunza kupiga chapa pale, na kwa ujuzi huo mdogo nilipata kazi yangu ya kwanza ya likizo nilipokuwa Chuo Kikuu.

Mwalimu huyo, ambaye sasa ni marehemu, alifanya kazi nyingine ambayo wengi hatukuijua. Jioni alikuwa akinakili daftari la kuandikishia wanafunzi, jina kwa jina, akiliingiza katika kompyuta hiyo. Daftari lenyewe lilikuja kuharibiwa na mvua paa lilipovuja. Hivyo majina ya wengi wenu mlioketi hapa, mwaka mlioingia na bweni mlilolala, yamebaki katika mashine ile peke yake.

Mwaka jana mlichanga fedha ili mashine hiyo ifufuliwe, ikae katika chumba cha klabu ya kompyuta, na wadogo zetu waione ikifanya kazi. Mkanikabidhi mimi kazi hiyo. Nadhani mlifikiri kwamba mtu aliyekaa miaka mingi katika ofisi ya ununuzi ya Serikali hawezi kununua kitu kisichofaa.

Ndugu zangu, mlikosea.

*Ugonjwa ulivyotambuliwa*

Tulipoiwasha mashine, pangaboi lilizunguka, taa zikawaka, lakini skrini ilibaki nyeusi. Ikatoa mlio mmoja mrefu na miwili mifupi. Kwa kompyuta nyingi za wakati ule mlio wa namna hiyo ni lugha: unasema kwamba kadi ya picha haionekani au ni mbovu. Kadi hiyo ndiyo mafundi wetu wengi wanaiita kadi ya VGA. Kazi yake ni kupokea maagizo ya prosesa na kuyageuza kuwa picha inayopelekwa kwenye skrini kwa waya.

Vijana wa klabu waliichomoa, wakasafisha meno yake ya shaba kwa kifutio cha penseli, wakairudisha. Mlio ukawa ule ule. Mwanachama mwenzetu mmoja mwenye duka la vifaa akatuazima kadi nyingine ya zamani ya aina ya PCI, yenye kumbukumbu ya megabaiti 1 tu. Skrini ikawaka. Hivyo tulijua kwa hakika kwamba mgonjwa ni kadi, wala si madabodi wala prosesa. Nawaomba vijana mlishike hili: kabla ya kununua kipuri, thibitisha kwanza kwamba ndicho kilichoharibika. Katika ofisi zetu fedha nyingi hupotea kwa kununua dawa ya ugonjwa usiokuwapo.

Mwalimu mlezi wa klabu alisisitiza kwamba kabla ya hatua nyingine yoyote diski inakiliwe. Mimi nilikuwa na haraka ya kurudi mjini, nikaona anatuchelewesha. Hata hivyo alishikilia, akasema mali bila daftari hupotea bila habari. Diski ikanakiliwa mara mbili, nakala moja ikapelekwa ofisi ya Mkuu wa Shule. Mtaona baadaye kwa nini ninalitaja jambo hili kwa unyenyekevu.

Mtu anaweza kuuliza: ikiwa kadi ya kuazima iliwasha skrini, kwa nini hatukutulia hapo? Jibu ni hesabu ya darasa la saba. Picha ya skrini ni nukta zilizopangwa kwa safu. Skrini ya nukta 1024 kwa 768 ina nukta 786,432. Ukitumia baiti moja kwa kila nukta unapata rangi 256 tu, na hizo zinaenea katika megabaiti 1. Ukitaka rangi zaidi ya 65,000 unahitaji baiti mbili kwa kila nukta, yaani baiti 1,572,864, nazo hazienei. Picha katika sidii za masomo za wakati ule zilionekana na madoadoa kama ukuta uliopakwa chokaa vibaya. Isitoshe, kadi ilikuwa ya watu.

*Kosa langu*

Nilikwenda mjini nikaingia duka moja la vifaa vilivyotumika. Nikamwambia muuzaji kwamba nataka kadi ya AGP. Nilijua jina hilo kwa sababu vijana walikuwa wameliandika kwenye karatasi pamoja na mambo mengine, ambayo sikuyasoma. Muuzaji akanionyesha kadi mbili. Moja ilikuwa ndogo, yenye vumbi, megabaiti 32. Nyingine ilikuwa kubwa, inang'aa, ina feni yake, megabaiti 128. Nikamwuliza kama zote ni AGP. Akajibu, "Mzee, AGP ni AGP tu." Nikanunua kubwa, shilingi 85,000 za mchango wenu, nikachukua na risiti.

Siku ya kuifunga, vijana sita walinizunguka. Nilivua koti. Kadi haikutaka kukaa katika tundu lake. Nikaigeuza, nikaitazama, nikaijaribu tena. Kijana mmoja wa Kidato cha Pili aliyekuwa ameshika tochi akasema taratibu, "Samahani, kaka, pengo la kadi haliko mahali kilipo kigingi cha tundu." Nikamwambia, "Wewe mulika tu, mdogo wangu." Akanyamaza, akamulika.

Nikaikandamiza kadi kwa viganja viwili. Ikaingia kwa kishindo kidogo, nami nikajisifu moyoni. Kishindo kile kilikuwa cha kigingi kuvunjika. Tulipowasha umeme hapakuwa na mlio wowote, wala mrefu wala mfupi. Palikuwa na harufu. Mtu aliyewahi kuunguza waya anaijua harufu hiyo. Kadi ilikufa, na madabodi iliyofanya kazi tangu 1999 ikafa nayo, mikononi mwangu.

Hakuna aliyesema neno. Jambo lililoniuma zaidi ni kwamba yule kijana aliendelea kumulika, kwa kuwa nilikuwa bado sijamwambia aache.

*Mambo ambayo ningepaswa kuyajua*

Sasa, ndugu zangu, nitaeleza yale niliyojifunza baadaye, tena mengi nilifundishwa na vijana hao hao. Nayapanga katika maswali matano. Mwenye kompyuta ya zamani nyumbani au ofisini ayajibu yote kabla ya kufungua mkoba.

Swali la kwanza: tundu lako ni la aina gani? Kadi za picha zimepita katika vizazi. Kompyuta ya IBM iliyotoka Agosti 1981 ilikuwa na matundu marefu ambayo baadaye yaliitwa ISA, ya biti 8. Mwaka 1984 tundu hilo liliongezwa kipande kwa mbele likawa la biti 16. Mwaka 1992 kampuni ya Intel ilitoa PCI, tundu fupi, kwa kawaida jeupe, linalopitisha hadi megabaiti 133 kwa sekunde. Mwendo huo hugawanywa kwa kadi zote zilizomo katika njia hiyo, kama barabara moja ya kijiji inayopitisha baiskeli, mikokoteni na basi. Kwa sababu hiyo Intel ilibuni AGP, njia ya kadi ya picha peke yake. Maelezo yake ya kwanza yalitolewa 1996, na kompyuta zenye tundu hilo zikaanza kuuzwa 1997. Kwa kawaida tundu la AGP ni la kahawia, tena limesogea ndani kidogo kuliko yale ya PCI. Kuanzia 2004 PCI Express ilianza kuchukua mahali pake, nayo haiingiliani kabisa na AGP. Zipo pia kompyuta zisizo na tundu la AGP hata kidogo, kwa mfano zilizojengwa kwa chipseti ya Intel 810 ya mwaka 1999, ambazo picha yake hutoka kwenye madabodi yenyewe. Mwenye mashine kama hiyo atafute kadi ya PCI.

Wenye mashine za zamani zaidi wachunguze na upande wa skrini. Kadi za miaka ya 1980 za MDA, CGA na EGA hutumia plagi ya pini 9, na skrini zake si za kubadilishana ovyo. Skrini ya IBM ya rangi moja ikiunganishwa na kadi ya CGA inaweza kuungua. VGA, iliyotoka 1987, ilileta plagi ya pini 15 ambayo wengi wetu tunaijua.

Swali la pili, nalo ndilo lililoniangusha: volti ngapi? AGP si AGP tu. Toleo la kwanza lilipeleka ishara zake kwa volti 3.3, kwa mwendo wa 1x na 2x, yaani megabaiti 266 na 533 kwa sekunde. Toleo la pili, la 1998, lilileta mwendo wa 4x kwa volti 1.5. Toleo la tatu, la 2002, lilileta 8x, na ishara zake zikashuka hadi volti 0.8. Waliobuni mambo haya hawakuwa wajinga. Walijua kwamba duniani kuna watu kama mimi, wakaweka ulinzi. Ndani ya tundu waliweka kigingi, na katika meno ya kadi wakakata pengo.

Kanuni ni hii. Kadi ina bati la chuma linalofungwa kwa skrubu kwenye mgongo wa kompyuta. Pengo lililo karibu na bati hilo ni la volti 3.3. Pengo lililo mbali na bati ni la volti 1.5. Kadi yenye mapengo yote mawili imekusudiwa kukubali zote mbili. Tundu nalo ni vivyo hivyo: kigingi kikiwa karibu na mgongo wa kompyuta, ni la volti 3.3, kikiwa mbali, ni la volti 1.5, tundu lisilo na kigingi linakubali zote. Kompyuta yetu ya shule ilijengwa kwa chipseti ya Intel 440BX, iliyotoka Aprili 1998. Hiyo ni AGP 2x ya volti 3.3. Kadi niliyonunua ilikuwa na pengo moja tu, la volti 1.5. Tundu lilikataa kwa haki, mimi nikalilazimisha.

Naongeza tahadhari moja. Zilitengenezwa pia kadi chache zenye mapengo mawili ambazo kwa kweli hufanya kazi kwa volti 3.3 peke yake, na kadi ya namna hiyo ikitiwa katika madabodi ya volti 1.5 inaweza kuiharibu. Kwa hiyo pengo ni shahidi wa kwanza, lakini si hakimu. Soma namba ya kadi iliyochapwa nyuma yake, utafute maelezo ya mtengenezaji.

Swali la tatu: umeme unatosha, na nafasi ipo? Tundu la AGP lenyewe halikukusudiwa kutoa zaidi ya wati 40 na kitu. Kadi kubwa za miaka ya mwisho ya AGP zina plagi ya ziada inayochota umeme moja kwa moja kwenye pawa saplai. Pawa saplai ya mwaka 1999 imezeeka, na baadhi ya madabodi za wakati ule zilishindwa kulisha hata kadi zenye nguvu za rika lake. Tazameni kapasita, vile vikopo vidogo vilivyosimama kama mapipa: vikiwa vimevimba vichwa au vinavuja, vibadilishwe kwanza. Pimeni pia urefu wa kadi, isije ikagonga diski au vijiti vya kumbukumbu.

Swali la nne: draiva ipo? Kadi bila programu ya kuiendesha ni kama basi lisilo na dereva. Kompyuta yetu hutumia Windows 98, toleo la pili la 1999. Kadi nyingi zilizotoka baada ya katikati ya miaka ya 2000 hazikuandikiwa draiva ya mfumo huo. Tena draiva ya mwisho si lazima iwe ndiyo bora. Sisi tulijaribu mbili kwa kadi tuliyonayo sasa, na ile ya zamani zaidi ikawa tulivu kuliko mpya. Mwenye madabodi ya chipseti ya VIA akumbuke kwamba chipseti nayo inahitaji draiva zake, zitiwe kwanza. Na kwa kuwa Microsoft iliacha kuitunza Windows 98 Julai 2006, mashine ya namna hiyo isiunganishwe na intaneti.

Swali la tano, ambalo kwa haki lingekuwa la kwanza: unaitaka kwa kazi gani? Nilivutiwa na megabaiti 128. Lakini hebu turudi kwenye ile hesabu. Skrini ya nukta 1024 kwa 768, hata kwa baiti nne kila nukta, inahitaji megabaiti 3 tu. Kumbukumbu inayobaki ni ya michezo na michoro yenye kina, na huko nako prosesa ya megahezi 350 haiwezi kuilisha kadi kubwa kwa kasi inayoitaka. Ni sawa na kununua jungu la arusi kwa jiko la mkaa la mtu mmoja. Mwenye kazi ya barua na hesabu atafute picha iliyo wazi isiyochosha macho. Kadi za Matrox, kama G400 ya 1999, zilisifiwa kwa hilo. Mwenye kupenda michezo ya miaka ile ataisikia sifa ya Voodoo3 ya 3dfx, ya mwaka huo huo, lakini wakusanyaji wa vitu vya kale wameipandisha bei. Riva TNT2 ya Nvidia, ya 1999, na GeForce2 MX, ya 2000, zilitengenezwa kwa wingi, hivyo bado hupatikana kwa bei ya kadiri.

*Tulivyosahihisha*

Niliporudi nyumbani usiku ule sikulala vizuri. Kesho yake nilimpigia simu Mwenyekiti nikamweleza yote, nikamwambia kwamba madabodi nitanunua kwa fedha zangu na zile 85,000 nitazirudisha. Stakabadhi za malipo hayo ziko kwa Mweka Hazina; mwanachama yeyote anaweza kuziona.

Ilinichukua miezi minne kupata madabodi nyingine ya 440BX. Niliipata kwa fundi mmoja wa Kariakoo aliyekuwa nayo juu ya kabati. Safari hii sikununua kadi. Niliwaomba vijana wa klabu waniandikie barua yenye masharti, kama tunavyofanya ofisini tunapotangaza zabuni. Barua yao ninayo hapa. Inasema: kadi iwe ya AGP, iwe na pengo la volti 3.3 na ikubali mwendo wa 2x, isiwe na plagi ya ziada ya umeme, iwe na draiva ya Windows 98, kumbukumbu isipungue megabaiti 8 wala isizidi 64, na mwisho, "mnunuzi asiilipie kabla ya kututumia picha ya meno yake." Katika miaka yangu yote ya utumishi sijaona masharti ya zabuni yaliyo wazi kuliko hayo.

Nilituma picha za kadi nne. Walikataa tatu. Ya nne ilikuwa GeForce2 MX ya megabaiti 32, mapengo mawili, haina hata feni, imejaa vumbi. Bei yake shilingi 20,000. Sitaapa kwamba ni ile ile niliyoidharau dukani mwanzoni, lakini ilifanana nayo mno. Wahenga wamesema rahisi inavunja upishi, nami nakubali kwa sehemu. Katika jambo hili aghali ndiyo iliyovunja, na jungu pia.

Siku ya kuifunga nilikaa kwenye benchi, yule kijana wa tochi akaifunga yeye. Alichomoa waya wa umeme ukutani kwanza, kwa maana kompyuta za namna ile huwa na umeme kidogo ndani hata zikiwa zimezimwa. Akagusa bati la sanduku ili aondoe umeme tuli uliokuwa mwilini mwake. Akalinganisha pengo na kigingi kwa macho. Akaisukuma kadi kwa vidole viwili tu. Ikaingia kimya.

Halafu akaniuliza, "Kaka, niwashe?" Nikamjibu, "Wewe ndiye fundi." Akawasha. Mlio mmoja mfupi, yaani salama. Baada ya dakika mbili tukaona orodha aliyoiandika marehemu mwalimu wetu, na vijana wakaanza kutafuta majina ya baba zao.

*Neno la mwisho*

Ndugu Mwenyekiti, nina maombi mawili.

La kwanza ni kwa wanachama wenzangu. Wengi wetu tuna kompyuta za zamani chini ya ngazi, stoo au ofisini. Msizitupe, wala msizitoe vipuri kwa pupa. Pigeni picha madabodi na meno ya kadi, mpeleke picha hizo klabu ya shule. Wao watawaambia kipi kinafaa. Vifaa vilivyo mali ya Serikali vifuate utaratibu: vifutwe kwanza kwenye daftari la mali, vikabidhiwe kwa maandishi. Sitaki kusikia kwamba hotuba hii imempeleka mtu mbele ya mkaguzi.

La pili ni kwenu vijana. Tumewalea kuheshimu wakubwa, na ni vema. Endeleeni kutuamkia, endeleeni kutuachia viti. Lakini mkiona mkubwa wenu analazimisha kitu kisichopatana, mwambieni. Akisema "mulika tu," mwambieni mara ya pili. Heshima haivunjiki kwa hilo. Kilichovunjika siku ile kilikuwa kigingi, na mlio wake ninao masikioni hata leo. Na sisi wakubwa tujifunze kugeuza shingo tunapoitwa. Yule kijana hakuwa na shahada wala mshahara. Alikuwa na tochi, na macho yaliyotazama pale tochi ilipomulika.

Yuko pale, mstari wa nyuma, karibu na mlango. Kwa kuwa nilimnyamazisha mbele ya wenzake sita, naona ni haki nimwombe radhi mbele ya watu hawa wote. Mdogo wangu, nisamehe.

Kompyuta iko wazi chumba cha klabu hadi saa kumi jioni. Mkitoka hapa mpite mkatafute majina yenu. Wengine mtashangaa mlivyoandikwa.